Hando Juu ya Pikipiki

Watu wa Kwa Mwagona wakisikia pikipiki inakuja hawakuuliza ni nani. Mlio wa Kahonzi waliujua. Haukuwa ukipanda na kushuka kama mlio wa vijana wa mjini wanaotaka kutazamwa. Ulikuja sawasawa, kama wa cherahani ya fundi asiyekimbizwa na mteja, na ukifika kabla ya kona ya mkwaju ulipungua, kila siku pale pale, awepo mtu njiani asiwepo. Wanawake waliokuwa wakitwanga waliweka michi chini. Walisema, sista huyo, wakaingia ndani kuwaogesha watoto.

Lakini mlio huo haukuzaliwa siku moja, na pikipiki yenyewe ilikuwa nusura imponyoke. Tuanze mwanzo, taratibu, maana habari hii haitaki kukimbizwa.

Kahonzi alikuwa binti wa mzee Dena wa Kaloleni. Alisoma shule ya misheni, akasomea uuguzi, akaolewa na Kambi, kijana wa Kwa Mwagona aliyefanya kazi ya maziwa Mariakani na kurudi nyumbani Jumamosi. Mwaka wa themanini na tano akapewa kuiangalia zahanati ya huko huko kwa mumewe: vyumba viwili, benchi moja, na mtungi wa maji mlangoni. Friji haikuwapo. Chanjo ya watoto ilitoka Kilifi mara moja kwa mwezi, ndani ya sanduku la barafu, na wa kuileta alikuwa yeye mwenyewe. Alivuka kwa feri hadi Mnarani, akaomba nafasi kwenye lori la nazi mpaka Kaloleni, kisha akajitwika sanduku na kwenda kwa miguu mwendo wa saa mbili na nusu.

Mwezi mmoja lori lile liliharibika karibu na Dzitsoni. Alipofika Kwa Mwagona, jua lilikuwa limeegemea magharibi na barafu ilikuwa maji ya vuguvugu. Akina mama wapatao arubaini walikuwa wamekaa tangu asubuhi. Chanjo ikishapata joto haifai tena, na sheria yake ni kumwagwa. Kahonzi aliimwaga mbele yao, kichupa baada ya kichupa. Katika hao mama alikuwapo Jaha, na mtoto wa miezi tisa mgongoni. Wiki tatu baadaye surua iliingia kijijini. Mtoto wa Jaha alipona, lakini jicho lake la kushoto likaota ukungu mweupe.

Jaha hakumlaumu. Alimletea mayai matano ndani ya kifuu, kumshukuru kwa kumuuguza mtoto. Kahonzi aliyapokea yale mayai, na kwa siku nyingi hakuweza kuyala.

Basi mwaka uliofuata habari zikaenea kwamba ofisi ya afya Kilifi imepata pikipiki, Yamaha nyekundu, mpya, kwa ajili ya kupeleka chanjo bara. Kila mtu aliamini itakuwa ya Kaingu, karani wa stoo ya dawa. Kaingu alijua kuendesha tangu utotoni, na alijua kwamba anajua. Angezunguka zahanati zote kumi na moja, na Kwa Mwagona, kwa kuwa iko mwisho kabisa, ingefikiwa mwisho. Kahonzi alipiga hesabu ya barafu kichwani akaona itakuwa ni yale yale. Akaandika barua kwa daktari mkuu wa wilaya, kurasa mbili, akaomba pikipiki ikae bara, kwake, naye apewe zahanati za upande ule azihudumie.

Inasemekana daktari aliisoma barua mara mbili. Jibu lake lilikuwa fupi: akajifunze kwa Jaafar Muhdhar, na Jaafar akisema ameiva, tutaona.

Jaafar Muhdhar alikuwa mtu wa Malindi, wa mtaa wa Shela, tarishi wa serikali kwa miaka ishirini na sita. Barua, dawa, damu ya kupimwa, hata mshahara wa walimu, vyote vilikuwa vimepita juu ya pikipiki yake baina ya Malindi na Mariakani. Katika miaka hiyo yote hakuvunjika mfupa. Alikuwa na kovu moja tu, chini ya goti, la kuunguzwa na bomba la moshi siku ya kwanza alipopanda, na alilionyesha kwa kila mwanafunzi kama mtu anavyoonyesha cheti. Alikuwa mwembamba, mpole, mwenye maneno yaliyokamilika. Akivua kofia ngumu alitoa mfukoni kofia ya vito, ile nyeupe ya kudariziwa, akaikunjua, akaivaa kabla hajamsalimu mtu.

Kahonzi alimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba, akamuuliza habari za baba yake, za mumewe, za mavyaa yake, na za mvua ya bara. Kisha akampa pikipiki aisukume.

Siku tatu hakuiwasha. Aliisukuma kutoka ofisini mpaka njia ya Bofa, akaigeuza, akairudisha. Aliilaza chini akainyanyua, mara kumi, mara ishirini, mpaka akajua uzito wake unakaa wapi na mgongo wake unaumia wapi. Kaingu alikuwa akipita na kumuuliza kama amenunua ng'ombe au pikipiki. Kahonzi alimjibu kwamba ng'ombe angalau hukamuliwa.

Jaafar alimweleza kuwa atakayeshindwa kuinyanyua pikipiki peke yake, siku ikimlalia porini atabaki hapo na fisi. Siku ya nne ndipo akamruhusu kuiwasha, tena baada ya kuikagua. Alikuwa na desturi yake hiyo, na hakuna aliyewahi kumwona akiiruka: aliizunguka pikipiki kutoka mbele kwa upande wa kulia, akagusa kila kitu kwa mkono. Tairi, breki, mnyororo, taa, oili, kamba ya klachi, kamba za mzigo. Macho peke yake hakuyaamini. Alisema macho huona kilichokuwapo jana.

Kule Bofa mchanga ni mwingi, mweupe, mlaini kama unga wa sembe, na pikipiki ikiingia humo gurudumu la mbele hucheza kama limelewa. Kahonzi alianguka mara sita siku ya kwanza. Kila alipoona usukani unayumba aliukaza, na kila alipoukaza alikwenda chini. Jaafar alimwachia. Mara ya sita akaja akakaa juu ya kigogo cha mnazi karibu naye, akamwambia, kwa sauti ya mtu anayezungumzia hali ya hewa:

"Binti yangu, unatazama wapi?"

"Hapa mbele, ami. Kwenye mchanga."

"Mchanga umeshauona. Tazama kule unakokwenda, kwenye ule mnazi uliopinda. Mikono iwe kama umeshika kifaranga, na mguu wako usijue habari za breki. Ukitia mafuta, tia kidogo, na usiyakate."

Alifanya hivyo, akapita. Alipofika kwenye mnazi uliopinda alikuwa akicheka peke yake, na alipogeuka kurudi alimkuta mwalimu wake ameshasimama, anakung'uta kanzu, kama mtu aliyeona alichokuja kuona.

Wiki mbili zikapita hivyo. Akajua kushuka kilima kwa gia badala ya breki, akajua kusubiri vumbi la lori litulie kabla ya kulipita, akajua kwamba mbuzi mmoja akivuka njia wa pili yuko nyuma yake. Kaingu mwenyewe alipunguza mzaha. Likabaki jambo moja lililokuwa likimkera tangu mwanzo, nalo ni mavazi.

Suruali alikuwa nayo, ya mumewe, aliyoipunguza kiunoni. Lakini mwanamke wa watu, mwaka ule, na kwa kazi ile, asingeweza kuingia kijijini na suruali tupu na akina mama wakamkabidhi watoto wao. Mavyaa yake, Harusi, mamake Kambi, alimwambia waziwazi kwamba apande hicho chuma akitaka, lakini asimletee aibu mlangoni. Na Jaafar naye, mtu wa heshima zake, siku ya kwanza tu alipomwona na suruali aliangalia pembeni, akasema kwa upole kwamba ingekuwa vyema akajifunga leso ya kanga juu yake. Kahonzi akajifunga. Wote watatu wakaridhika, na kosa likawa limekaa hapo hapo, limefungwa fundo kiunoni.

Siku ya kuvuka feri kwa mara ya kwanza asubuhi ilikuwa na upepo. Jaafar aliikagua pikipiki kama kawaida yake, mbele mpaka nyuma. Wakavuka. Feri ilipogusa Mnarani, Kahonzi alitia gia ya kwanza, akapanda njia ya saruji iliyolowa maji ya chumvi, mwendo mzuri, macho juu. Nusu ya mlima upepo ukaipeperusha leso, ncha yake ikaingia kwenye mnyororo.

Alihisi kama mtu amemvuta kwa nyuma. Gurudumu likakamaa, pikipiki ikalala ubavu, naye akalala pamoja nayo, goti kwenye saruji, amefungwa kwa kitambaa chake mwenyewe. Nyuma yake kulikuwa na basi, malori mawili na gari la hoteli limejaa wazungu, na wote wakapiga honi. Alikuja Kaingu, aliyekuwa amevuka na shehena ya dawa, akachomoa kisu akaikata leso kipande kwa kipande kutoka kwenye meno ya gurudumu. Hakumcheka. Kahonzi alitamani angemcheka.

Kufikia saa sita daktari alikuwa ameshazipata habari. Alimwita Jaafar na Kahonzi ofisini. Alisema ana pikipiki moja tu, na hawezi kuitoa kwa mtu atakayeanguka nayo mbele ya mji mzima. Kliniki ya Kwa Mwagona ilikuwa Alhamisi ya wiki iliyofuata. Siku hiyo Kahonzi atapeleka sanduku la chanjo mwenyewe, na Jaafar atamfuata nyuma bila kumsaidia kuamua jambo lolote. Sanduku likifika na barafu, na mpandaji akifika mzima, pikipiki itabaki huko. La sivyo, Ijumaa funguo ziwe mkononi mwa Kaingu.

Walitoka nje. Jaafar aliivua kofia ya vito akaitazama ndani.

"Kosa ni langu," akasema. "Nilikagua tairi, nikakagua mnyororo, nikakagua hata skrubu ya kioo. Wewe nikaona haya kukukagua. Nimekutia leso kwa mkono wangu, kisha nikaangalia pembeni."

Kahonzi akasema kwamba leso aliifunga yeye. Jaafar akatikisa kichwa. Alimwambia aende nyumbani, apumzishe goti, na akirudi arudi amevaa kitu kisichopepea. Kitu gani, yeye hakujua, wala hakuwa mtu wa kumfundisha mwanamke mavazi kwa mara ya pili.

Jumamosi Kahonzi alifika Kwa Mwagona akichechemea. Harusi alikuwa uani, anamenya mihogo. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti nzito, na amevaa kama alivyovaa siku zote za maisha yake: kitambaa kifuani na hando kiunoni. Msomaji wa mbali asiyelijua hando, ajue kwamba ni vazi la kina mama wa Kigiriama, kitambaa cha dhiraa nyingi kilichokunjwa marinda kwa marinda, likakaa kiunoni zito na nene, na kuishia magotini. Kahonzi hakuwahi kulivaa tangu ana umri wa miaka minane. Shuleni Kaloleni wasichana waliokuja na hando walichekwa, naye alikuwa akilivua nyuma ya kichaka na kulificha, akaingia darasani na gauni la shule. Siku alipoolewa Harusi alimshonea moja jipya, la kaniki, kile kitambaa cheusi. Alilipokea kwa mikono miwili, akaliweka sandukuni, na lilikuwa huko mpaka siku hiyo. Jambo hilo hawakuwahi kulizungumza, lakini kila mmoja alijua mwenzake analijua.

Harusi alilitazama goti, kisha akaomba aione leso. Kahonzi akampa kile kipande kilichobaki, kimetapakaa grisi. Mama mtu mzima alikigeuza geuza, akauliza kiliingia wapi, kutoka upande gani, na chuma kile huzunguka kwa urefu gani kutoka chini. Akaeleza yote. Akaeleza na habari ya Alhamisi, na ya funguo, na mwisho, pasipo kukusudia, akasema jina la Jaha.

Harusi alimaliza muhogo aliokuwa nao mkononi.

"Mkaza mwanangu, kisu hiki kishike," akasema. Akaegemea goti, akainuka. "Mimi na hili hando nimechota maji, nimelima, nimebeba wana sita mgongoni, nimepita kwenye miiba ya kila namna. Halijanasa hata siku moja. Linapepea hili?"

Akajizungusha, mzima mzima, katikati ya ua. Hando lilizunguka naye kama kitu kimoja, likatulia.

Kahonzi alitaka kucheka na machozi yakamlengalenga. Aliingia ndani, akafungua sanduku, akalitoa lile la kaniki. Lilikuwa na harufu ya karafuu. Mtu alikuwa akilitilia karafuu miaka yote hiyo, na hakuwa yeye. Akalivaa juu ya suruali. Harusi akamfunga mwenyewe, akavuta, akampiga kofi la nyonga kama anayejaribu gunia, akamkalisha juu ya kinu kama juu ya pikipiki. Marinda yakajikusanya chini yake, yakamfunika mapaja, yakaishia magotini.

"Na kiti kimepatikana," Harusi akasema.

Alhamisi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, alijitokeza hivyo mbele ya stoo ya dawa Kilifi: kofia ngumu kichwani, viatu vya ngozi, suruali, na hando. Makarani walikuja dirishani. Kaingu aliweka sanduku la barafu juu ya kiti cha nyuma, akalitazama vazi lile kutoka juu hadi chini.

"Sista, na ngoma inachezwa wapi leo?"

"Kwa Mwagona. Na wewe hukualikwa."

Kaingu akacheka kweli kweli, akakaza kamba za sanduku, na akazikaza vizuri.

Jaafar aliizunguka pikipiki. Tairi, breki, mnyororo, taa, oili, klachi, kamba. Alipomaliza hakwenda kwenye pikipiki yake. Alikuja mbele ya Kahonzi, akaweka mikono nyuma, akamwomba radhi, akamwambia azunguke. Kahonzi akazunguka. Akamwambia apande. Akainama, akapima kwa macho kutoka pindo la hando mpaka kwenye mnyororo: shubiri moja na nusu. Akamwambia asimame juu ya vikanyagio, akae tena. Kamba za viatu akaagiza zichomekwe ndani. Kisha akasema bismillahi, akaenda zake nyuma, na kuanzia hapo akawa kama hayupo.

Feri ikavuka, saruji ya Mnarani ikapandwa bila neno. Wapiga honi wa siku ile walikuwapo baadhi yao, na mmoja alimpungia mkono. Mavueni akaiacha lami, akaingia njia ya vumbi. Mvua ya masika ilikuwa imepiga usiku na njia ilikuwa nyekundu, na utelezi kwenye kona. Mbele yake kulikuwa na lori la nazi limejazwa kupita kiasi, linakwenda mwendo wa kinyonga, naye angeweza kulipita mara mbili. Alibaki nyuma, mbali. Barafu ilikuwa ikimsemesha mgongoni, tone baada ya tone, lakini hakuiona njia yote ya mbele, na asichokiona hakukipita. Kwenye kilima cha kwanza lori likatikisika, nazi tano zikaruka kutoka juu, zikadunda zikivuka njia pale hasa ambapo mwenye haraka angekuwa. Aliziacha zitulie, akapita katikati yake, na mahali palipopanuka, lori likamwashiria, akalipita.

Kaloleni ikaja ikapita. Ikabaki njia ya bara.

Kabla ya Kwa Mwagona kuna bonde, na chini ya bonde kijito ambacho miezi minane ya mwaka ni mchanga mkavu. Siku hiyo kilikuwa na maji ya hudhurungi, mapana kama ua wa nyumba, yametulia, yanapendeza. Alama za magurudumu ziliingia upande huu zikatoka upande wa pili. Mtu yeyote angesema panapitika. Kahonzi mwenyewe alisema hivyo moyoni, na mkono ulikuwa umeshaanza kutia mafuta, ndipo akasikia sauti kutoka angani. Mgema alikuwa juu ya mnazi, na kibuyu kiunoni, anamwambia kwamba jana jioni lori la mawe lilikwama pale, likachimba, likavutwa na trekta.

Alizima moto wa injini. Akatia stendi. Nyuma yake alisikia pikipiki ya Jaafar nayo ikizima.

Akakata fimbo, akavua viatu, akaingia kwa miguu hatua mbili. Akahisi marinda yanakunywa maji, hando linakuwa zito kama mtoto anayening'inia. Akatoka. Akalivua lile hando, akabaki na suruali, mbele ya mwalimu wake na mgema na Mungu, na hakuona haya hata kidogo, maana kazi ilikuwa imeshamshika. Akaingia tena. Upande wa kushoto fimbo ilizama hadi kiunoni: shimo la lori, limejaa maji, halionekani. Kulia maji yaliishia magotini, chini pagumu, njia ya upana wa mkeka. Aliipita yote mpaka ng'ambo, akarudi, akaipita tena kuhakikisha.

Pikipiki ingeweza kupita kulia. Lakini ingeweza pia kuteleza, na ikiteleza sanduku lingeoga. Alisimama akawaza kwa muda wa kuhesabu kumi. Kisha akafungua kamba alizokaza Kaingu. Akalichukua hando, akalikunja, akalizungusha likawa kata nzuri, akaliweka kichwani, na sanduku juu yake. Wanawake wa kwao walikuwa wakivuka mito na mizigo kichwani kabla gurudumu halijazaliwa. Shingo yake ilijua kazi hiyo kuliko mikono ilivyojua usukani. Akavuka, akaliweka sanduku chini ya kivuli, akalifunika kwa hando, akarudi.

Hapo akamwangalia Jaafar kwa mara ya kwanza tangu Kilifi.

"Ami, moto siuwashi, bomba litakunywa maji. Nitashika usukani mimi, wewe sukuma nyuma. Na huyu ndugu akishuka," akamwonyesha mgema kwa kidevu, "atashika ubavu wa kushoto, ituegemee sisi isiegemee shimo."

Mgema alishuka. Waliisukuma Yamaha, wakarudi wakaisukuma na ya Jaafar, kisha Kahonzi akalirudisha sanduku kwenye kiti cha nyuma, akalifunga pamoja na hando. Mgema akawakaribisha tembo la mnazi la asubuhi, tamu bado. Jaafar akashukuru, akasema yeye dini yake hairuhusu. Kahonzi akashukuru, akasema yeye pikipiki yake hairuhusu.

Kwenye kona ya mkwaju alipunguza mwendo. Akina mama walikuwa kwenye benchi, na chini, na ukutani, na Jaha alikuwa mbele na mtoto wa dada yake mapajani. Yule wa kwake, mwenye jicho la ukungu, alisimama ameshika pindo la mamake. Kahonzi akashuka, matope hadi magotini, hando limelowa juu ya sanduku. Hakusalimu kwanza kama adabu inavyotaka. Alifungua sanduku palepale, mbele yao, kama alivyolifungua siku ile, akatia mkono. Ukatoka na kipande cha barafu, kikubwa kama yai la bata.

Akampa mtoto wa Jaha akishike. Mtoto akashtuka, akakiachia, akakiokota tena.

Walichanja watoto hamsini na mmoja siku hiyo. Harusi alikuja adhuhuri, akaliona hando limeanikwa juu ya usukani wa pikipiki, akalikamua vizuri zaidi, akaligeuza upande wa pili. Akina mama walimtania kwamba siku hizi mahando yanavaliwa na vyuma. Yeye akawajibu kwamba yake yamesoma.

Jaafar alikaa kivulini mpaka mtoto wa mwisho. Aliandika barua kwa daktari kwenye karatasi ya dawa, hati nzuri ya chuoni, akamsomea Kahonzi ili asiseme neno lolote nyuma yake. Ilikuwa na mistari minne. Wa tatu ulisema kwamba mpandaji alipofika kwenye maji alishuka, na kwamba yeye, Jaafar Muhdhar, kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kufikiri kuutenga mzigo na pikipiki, na kuanzia sasa atafanya hivyo.

"Funguo ni zako," akamwambia. "Leo hukupita njia ambayo hukuiona. Nami nakushukuru kwamba uliniambia nisukume. Wengi huona haya."

"Tulishaona haya ya kutosha, ami."

Mzee akacheka kimya kimya. Akakunja kofia ya vito, akaitia mfukoni, akaizunguka pikipiki yake kutoka mbele kwa upande wa kulia, akigusa kila kitu. Mwisho akajitazama mwenyewe, akachomeka pindo la kanzu yake ndani ya mkanda. Akaaga.

Kahonzi alisimama mlangoni na funguo mkononi, akasikiliza. Njia ilikuwa tupu, watu wote walikuwa wamekwenda makwao. Mlio wa mzee ulikwenda sawasawa, sawasawa, na ulipofika kwenye kona ya mkwaju, ukapungua.